Kura ya Uvimbe wa Bwanyenye

Kornelio, bwana mifugo wetu wa Lukozi, hakuogopa fahali wala nguruwe pori. Aliogopa vikao. Akisikia tu kengele ya mkutano, alikumbuka mbuzi mgonjwa kijiji cha pili.

Mwaka 1975 alishindwa kukimbia. Mbwa wa Mama Jenoveva aliota uvimbe shingoni, chini ya sikio, mkubwa kama limau. Mbwa huyo tulimwita Bwanyenye, maana sisi tukilima shamba la ujamaa, yeye alilala kivulini akitutazama. Lakini jioni nguruwe wakishuka kutoka msituni, aliwatimua peke yake. Mama Jenoveva alikuwa mjane asiye na mtoto, na alikula na mbwa wake sahani moja. Hilo tuliache.

Kwa kuwa mbwa alilinda mahindi ya wote, mwenyekiti wetu, Mzee Hezekia, aliona uvimbe nao ni wa wote. Akaitisha kikao kuamua ukatwe kiasi gani. Ndiyo, nimesema kikao. Katibu nilikuwa mimi, na aibu ninayo mpaka leo.

“Uvimbe huu ni kama gugu la sangari,” Kornelio alituambia. “Ukifyeka majani, mizizi inabaki inatambaa. Nataka kukata na ngozi nzima isiyougua, vidole viwili kila upande, na chini niingie vilevile.”

“Ngozi nzima ina kosa gani?” aliuliza Mzee Hezekia. “Ndugu, mkate mwenye hatia. Majirani waache.”

Tulicheka, tukapiga makofi, kisha tukapiga kura. Mikono ishirini na mitatu ilitaka ukatwe uvimbe tu, na wangu ndio ulitangulia. Kornelio angeweza kukataa. Hakukataa, akakata kama alivyoagizwa, na kwa hilo nilimkasirikia baadaye kuliko nilivyojikasirikia mwenyewe.

Baada ya miezi minne uvimbe ulirudi, na safari hii ulikuja na mdogo wake. Mzee Hezekia akasema sasa basi, mbwa apigwe risasi.

Mama Jenoveva akamburuta Bwanyenye kwa kamba mpaka kwa Kornelio.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Mwanangu, leo niulize mimi. Mimi nasema kata.”

“Mama, hata nikikata sana, siwezi kuapa kwamba hautarudi.”

“Nimekuomba kiapo? Nimekuomba kisu.”

Kornelio alinifuata, akaniomba niitishe kikao haraka. Nilidhani amerukwa na akili. Kumbe alitujua vizuri. Tukiwa bado tunabishana nani afungue kwa sala, Mlutheri au Mkatoliki, yeye alikuwa nyuma ya ghala na sindano ya ganzi. Tulipotoka, Bwanyenye alikuwa ameshashonwa. Ngozi ilivutwa hata sikio moja likatazama Malindi ya huku kwetu milimani na jingine Mnazi, kule tambarare.

Mzee Hezekia alifoka mpaka kofia ikaanguka. Lakini nyama iliyokwisha katwa hairudishwi, basi kikao kikaazimia kwamba mbwa akatwe.

Kornelio alituagiza tupapase kovu kila wiki. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada kijiji kizima kilijipanga kumpapasa mbwa shingo, naye Bwanyenye akanenepa kwa kujiona. Miaka miwili tulipapasa, hatukukuta kitu.

Jumapili moja watu walipotawanyika, Mzee Hezekia alibaki. Alifungua vifungo vya shati, akatugeuzia mgongo. Chini ya bega palikuwa na uvimbe. Alikuwa ameuficha tangu mavuno. Niliingiwa na huruma, mimi niliyezoea kumnunia.

“Mimi ni wa ng'ombe, Mzee,” Kornelio alisema kwa upole. “Nenda hospitali Lushoto kesho. Katibu atakuandikia barua.”

“Iandike sasa,” Mzee Hezekia aliniambia. “Waambie wasisubiri kikao. Wakate na majirani.”

Niliandika hivyohivyo, kwa mkono uleule niliokuwa nimeunyoosha siku ya kura.