Auleria na Sinema Isiyo na Ngumi

Auleria alikwenda Italia kumuuguza bibi kikongwe aliyeitwa Ottavia, katika kijiji cha milimani kilichobaki na wazee watupu. Siku moja akaja kijana mtengeneza filamu, akaomba kurekodi maisha ya nyumbani kwa bibi. Bibi akakubali. Kamera ikawekwa kwenye kona, Auleria akaendelea na kazi zake za kumlisha bibi, kumwogesha na kumgeuza kitandani.

Filamu ilipotoka, ilionyeshwa kwenye majumba machache ya sinema, ikaondolewa upesi. Gazeti moja liliandika kwamba picha ni nzuri ila hakuna kinachotokea. Wakati huo Bibi Ottavia alikuwa ameshafariki, na Auleria amerudi Dar es Salaam na nakala ya filamu, kwa mdogo wake Ansbert, mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira na filamu karibu na soko la Mabibo.

"Dada, si tuionyeshe hapa?" Ansbert alimwambia. "Leo hakuna mpira."

Wakaingia wachukuzi wa sokoni, wamechoka, wanataka kuchangamshwa. Auleria akasimama kando ya skrini kuwatafsiria.

"Mbona hawapigani?" mmoja akauliza.

"Huyo bibi anakufa saa ngapi?" mwingine akadakia.

Watu wakacheka, kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja. Uso ulimwaka Auleria kwa aibu, lakini hakunyamaza. Bibi Ottavia alikuwa pale kwenye skrini, analalamika kuwa maji ni ya baridi, na ilibidi mtu aliseme hilo kwa Kiswahili.

Filamu ilipoisha alikuwa amebaki Mwinshehe, mbeba magunia ya viazi.

"Dada, samahani," akasema. "Pale ulipomgeuza yule bibi kwa shuka, hakulia. Mie mama yangu nikimgusa tu analia."

"Yuko wapi?"

"Tandale. Ana kiharusi. Nikitoka kazini ndo namgeuzaga."

Kesho yake wakaenda huko wote wawili. Mama alikuwa amelala chali, mgongo umeanza kufanya vidonda. Auleria akamwamkia, akamwomba ruhusa, kisha akamwonyesha Mwinshehe namna ya kukunja shuka na mahali pa kushika.

"Na umwambie kabla hujavuta," akasema. "Haya, sasa wewe."

Mwinshehe akaikunja shuka, akaishika.

"Mama, nakugeuza."

Akavuta polepole. Mama akalala ubavu, akashusha pumzi.

"Umeshamaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Basi niache hivihivi."