Paka wa Kijapani Aliyeita kwa Mkono

Nilipokuwa mtoto huko Élisabethville, nilimwona paka wa udongo akimrudisha mtu tuliyekwisha kumlilia. Sikuhadithiwa. Nilikuwepo mimi mwenyewe, mdomo umejaa mkate.

Mama mudogo wangu, yaani mdogo wake mama, alikaanga mikate sokoni na kuiuza kwa kitunga, kikapu chake. Biashara ilikuwa imelala, na kapita, msimamizi wa soko, alimwambia: "Mama, kama leo kitunga inabakia tena, kesho fasi yako nampa muuza tumbako." Bwana yake, baba mudogo, alikuwa amevuka mpaka huko Mokambo kutafuta kazi kwa Waingereza. Habari zikakatika, tukafanya matanga.

Asubuhi ile Mjapani mmoja, mchuuzi wa vitambaa aliyependa mikate ya mama mudogo, alimwachia zawadi ya kumuaga: paka mweupe, mkono wa kushoto juu. Akaeleza kwamba kwao wenye maduka humweka mlangoni. Mkono wa kushoto huita watu, wa kulia huita mali.

Madame mmoja wa Kizungu akapita, akacheka. "Inasema au revoir," yaani kwaheri, akampungia paka.

Sisi tulimshangaa. Kiganja kinatazama chini, vidole vinakuvuta: hata mtoto anajua hapo anaitwa. Mzungu huita kiganja juu. Kumbe Wajapani huita kama sisi!

Nkambo, bibi yangu, hakufurahi. "Iko inaita bila jina," akasema. "Bafu njo batasikia," yaani wafu ndio watakaosikia.

Jua halijapanda vizuri, mtu akasimama mbele ya meza, mwembamba, vumbi tupu. Baba mudogo! Soko lote lilikimbia. Muuza tumbako aliacha kiatu. Mama mudogo peke yake hakukimbia. Alichota mkate kwenye mafuta, akamnyooshea.

"Kula, nione."

Akala, akaungua ulimi, akapuliza.

"Mufu hawezi kuungua," Nkambo akasema kutoka nyuma ya magunia.

"Nani amekufa?" baba mudogo akauliza. "Niko napita kule, naona mukono inaniita."

Watu wakarudi mbio. Kila mmoja alitaka kusimama karibu amtazame akitafuna, na Nkambo akawafukuza wasionunua. Kitunga kikabaki kitupu. Hata kapita alinunua, akanyamaza kuhusu ile fasi.

Watu wananiuliza kama paka yule alikuwa na nguvu. Mimi naona hivi: sisi kwa matanga yetu tulikuwa tumemzuia mama mudogo asimwite tena bwana yake. Siku ile mkono mmoja tu mjini ulikuwa bado unaita.

Lakini lile neno la mkono, baba mudogo hakulisema. Alisema amesikia harufu ya mafuta. La mkono nililitia mimi, na kila nilipolisimulia, mama mudogo aliniongezea mkate.