Bido Tano Bombani Majengo

Kosa langu lilianzia shule ya msingi. Tulikuwa na kibao kidogo cha chaki, na kila ukimaliza mstari unaufuta kwa mkono wa sweta upate nafasi. Miaka ikapita, nikaingia chuo hapa Goma kusoma kuandika programu za kompyuta, na bado nilikuwa nafuta.

Profesa aliniita ubaoni nifuate faktoria ya tano hatua kwa hatua. Jibu la tano ni tano mara jibu la nne; la nne linategemea la tatu, hivyo hivyo hadi moja, ambayo jibu lake ni moja tu. Nilishuka vizuri, nikifuta kila mstari niliotoka. Nilipofika chini na ile moja yangu, sikuwa na cha kuzidisha nayo. Nikapata sifuri.

Ikabaki sesheni ya pili, ule mtihani wa kurudia. Baba alisema nikianguka tena, naacha chuo na kwenda Birere kuuza vitenge na shangazi. Shangazi nampenda, lakini vitenge siviwezi, na niliogopa hadi chakula kikanishinda.

Asubuhi moja nilikuwa bombani kwetu Majengo. Bido za maji, yale madumu ya plastiki, zilikuwa kwenye mstari zikingoja maji yafunguliwe, wenyewe wamekaa kivulini. Yangu ilikuwa ya tano. Pale hakuna anayeondoa bido kabla haijajaa. Ukiiondoa, nafasi yako imekwenda. Nikajionea aibu. Mistari yangu ubaoni ilikuwa haijaisha, ilikuwa inangoja, na mimi naiondoa.

Nikatoa chaki. Kwenye bido yangu nikaandika tano mara ya mbele yake, kwenye ya nne, nne mara ya mbele yake, hadi ile iliyo chini ya bomba, nikaiandikia moja.

“We mutoto, unaandika nini ku bido yangu?” akauliza mama mwenye bido ya tatu.

“Ni masomo, mama. Bido yako inangoja jibu ya ile ya mbele.”

“Yangu inangoja maji.”

Maji yakaja. Ya kwanza ikajaa: moja. Ya pili: mbili. Ya mama: tatu mara mbili, sita. Ya nne: ishirini na nne. Yangu ilipojaa nilitamka mia moja na ishirini kwa sauti, watu wakanitazama kama nimerukwa na akili.

Siku ya mtihani profesa alinipa ya saba. Nilishuka ubao mzima hadi nikachuchumaa. Akaninyooshea sponji.

“Futa za juu, upate nafasi.”

“Hapana, Profesa. Hizo ziko zinangoja.”

Nikaandika moja karibu na sakafu, kisha nikapanda, kila jibu pembeni ya mstari wake: mbili, sita, ishirini na nne, mpaka elfu tano na arobaini kule juu kabisa. Profesa akarudisha sponji mezani, akanipitisha. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, nikicheka peke yangu njia nzima.

Kesho yake bombani nilimkuta yule mama, nikamwambia nimepita.

“Na bido yangu ilipata ngapi?”

“Sita, mama. Bila ile sita yako singefika.”

Akaisogeza bido yake mbele kidogo, akageukia wenzake kivulini.

“Munasikia? Tumepita.”