Barua Iliyomtisha Mama wa Nambis

Leo nitajisifu, mnivumilie. Mimi ni karani wa wakili hapa Mbulu mjini. Barua za wateja naandika moja tu; mahali pa jina naweka neno JINA, na kompyuta inavuta majina kutoka kwenye orodha, inatoa barua ya kila mtu.

Mwaka jana tuliwaita wateja waje kusaini viapo vya kesi za mashamba. Mjane mmoja wa kijiji cha Nambis hakuja. Shemeji zake walilitaka shamba lake, na asiposaini kufikia Ijumaa, analikosa. Jumatano nikapanda bodaboda nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

Jamani! Akaitoa barua yangu chini ya godoro. Kusoma hakujua vizuri, ila jina lake lilikuwa kwa herufi kubwa tupu, sawasawa na kwenye karatasi ya wito wa baraza la ardhi waliyomletea shemeji zake. Aliogopa, akaificha, hakumwonyesha mtu. Nilimweleza mpaka mate yakanikauka.

"Kama ni ya kwenu," akasema, "niandikieni kama mtu, siyo kama mshtakiwa."

Nilirudi nimefura, na hasira zote zilikuwa juu yangu mwenyewe. Wakili akasema niandike ya mama huyo kwa mkono, mengine atakuja kuyarekebisha fundi kutoka Arusha. Thubutu! Kompyuta hii nimeizoea mimi, na sikujua ni wateja wangapi wengine wameogopa. Nilihangaika nayo mpaka jioni. Kumbe ilikuwa inaniiga: nikiandika JINA, inatoa herufi kubwa tupu, nikiandika Jina, kubwa ni ile ya kwanza tu. Nilipiga meza, wakili akaruka. Alhamisi asubuhi barua mpya ikaenda Nambis kwa bodaboda.

Ijumaa, kabla ya saa sita, mama akaingia na kitenge chake cha kanisani, barua mkononi. Wakili akamsogezea kidau cha wino aweke dole gumba, kama mama alivyofanya siku zote.

"Hapana. Nipeni kalamu."

Akaitandaza barua yangu mezani, akaliangalia jina lake, akaanza kulinakili kwenye kiapo. Herufi ya kwanza kubwa, zilizofuata ndogo, moja baada ya nyingine. Machozi yalinilenga, na sioni aibu kusema. Alipomaliza akaligusa lile jina kwa kidole, akaniuliza kama limekaa sawa.

"Limekaa sawa, mama," nikasema, na wakili akakifunga kidau chake.