Bwana Puto

Wenye maradhi ya koo wamempachika daktari wao jina la Bwana Puto. Ukimuuliza sauti hutokea wapi, hupuliza puto, hulibana shingo kwa vidole, nalo hulia kama mtoto aliyenyang'anywa titi. "Umesikia? Nyuzi zako za sauti ndivyo zilivyo. Pumzi ikipita katikati, zinapigana!" Humsikiliza mgonjwa huku ameshika koo lake mwenyewe. Hawezi kabisa kuvumilia kelele. Muuguzi akipaza sauti koridoni, yeye hukunja uso kama aliyekanyagwa kidole. "Jamani, nyuzi hizo! Hazina spea!"

Siku hiyo alikuwa na mwalimu wa chekechea aliyekaukiwa sauti muhula mzima, darasa lake likishikwa na mwingine. Alikuwa akinong'ona, akidhani anazipumzisha nyuzi.

"Kunong'ona nako ni kuzitesa, mwalimu wangu," alimwambia, akimpa mrija na glasi ya maji. "Puliza humu huku ukiguna."

Mwalimu akapuliza. Mapovu matupu. Akapuliza tena, na tena, machozi yakimlengalenga. Mara kitu kikatetemeka kooni, kikapanda mpaka puani. "Uuuu!" Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nene vilevile!

Bwana Puto aliruka, kiti kikaanguka chali, akaufungua mlango kwa kishindo. "Imerudi! Jamani, njooni msikie, imerudi!" Korido nzima ikageuka.

Mwalimu akautoa mrija mdomoni.

"Bwana Puto," alisema, kwa ile sauti ya kunyamazishia darasa, "nyuzi hizo. Hazina spea."