Wakaaji wa Gogo la Mama Mukubwa

Volkano ilipopita Murara, mtaa wetu wa Goma, nyumba yetu ilikuwa kati ya zile zilizofunikwa. Tuliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka tulikuta mwamba mweusi, bado wa moto, mahali palipokuwa jiko na chumba cha kulala. Mama alibaki mjini na wadogo zangu kwa watu wa kanisa lake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na akaamua niende kukaa kwa dada yake mkubwa, kijijini upande wa Rutshuru, karibu na pori.

Nilimwita mama mukubwa, na mume wake baba mukubwa. Hawakujaliwa watoto. Mama mukubwa alichuma uyoga na kuuuza sokoni, na mume wake alipasua mbao kwa msumeno mrefu, ule unaovutwa na watu wawili. Kwa hiyo katika nyumba hiyo wote wawili waliishi kwa miti, ila hawakupatana kabisa juu ya mti uliokufa.

Nilielewa jambo hilo mwanzoni mwa mvua, asubuhi mama mukubwa aliponipeleka porini mara ya kwanza. Tulitembea muda wa saa moja, tukafika penye mti mkubwa ulioanguka zamani, kabla sijazaliwa. Ukiwa umelala, ulinifikia kifuani. Mimi nilitoka Goma, mji ambako kipande cha mti hakilali chini siku mbili bila kuokotwa.

"Mama mukubwa, kuni yote hii! Mbona batu hawaikati?"

"Hii si kuni," alisema. "Ilikufa, lakini iko na kazi."

"Kazi gani?"

"Ikaa hapa, uangalie."

Alizunguka upande wa pili na kikapu chake. Nilikaa. Mwanzoni sikuona kitu, majani tu na ukungu wa kijani uliolifunika gogo kama blanketi. Halafu jongoo akapita, akaingia kwenye ufa. Nikainama kumfuata kwa macho, na ndani ya ule ufa nikaona siafu wadogo wakibeba mayai yao, na chura mdogo kama ukucha wa kidole gumba, amekaa kimya kwenye tone la maji. Juu ya gogo, miti midogo ilikuwa imeota, mizizi yake imekumbatia ule mwili mkubwa ikitafuta udongo. Nilihesabu miti saba. Mama mukubwa aliporudi, kikapu chake kilikuwa na uyoga mweupe uliopangana kama sahani, na mwingine mweusi wenye umbo la sikio.

"Yote imetoka hapa?"

"Hapa. Chini kwenye udongo hauoti. Huu uyoga unakula muti uliooza, muti mwingine hautaki."

Tangu siku hiyo nilibeba kaye yangu, daftari la shule, na kuchora nilichoona. Nilitaka kujua kila kitu, na mama mukubwa hakujua kila kitu, wala hakujifanya. Nilipomwuliza wale funza wanene weupe waliokuwa wanatafuna mti kwa ndani wangekuwa nini, alicheka. "Mutoto wangu, mimi nawaona tu. Sijamuuliza hata mumoja."

Basi nikachukua kipande cha gogo chenye funza mmoja, nikakitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikatoboa kifuniko kwa msumari. Kila siku nililowesha ule mti kidogo. Baba mukubwa aliona, akatikisa kichwa.

"Unafuga adui yangu! Hao ndio wanaharibu mbao."

"Baba mukubwa, umeshawahi kuwakuta ndani ya mti mzima?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Hapana," akasema. "Ni ndani ya muti uliokwisha kufa tu."

Wiki nyingi zilipita. Yule funza alijitengenezea chumba kwa unga wa mti, akajifungia humo, nami nikafikiri amekufa. Nililia kidogo, kwa siri. Kisha asubuhi moja, tukiwa tunakunywa uji, kopo likaanza kukwaruza. Baba mukubwa ndiye aliyefungua kifuniko. Ndani palikuwa na mdudu mweusi mwenye kung'aa, mwenye pembe puani kama kifaru. Baba mukubwa alimweka kwenye kiganja chake chenye sugu, akamgeuza huku na huku, uji wake ukapoa.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "nilifikiri funza ni funza."

Nilikaa kwao miaka miwili, kisha mama akapata nyumba ya mbao mjini, mtaa wa Mapendo, akaniita nirudi. Lakini kila vakanse, shule zilipofungwa, nilipanda tena kijijini na kaye mpya.

Vakanse moja, nilipokuwa karibu kumaliza shule, waasi walishuka kutoka upande wa Bunagana, mpakani. Wengi kijijini walikimbia, sisi tulichelewa. Waasi hao walipiga kambi ukingoni mwa pori. Mvua ilikuwa haikatiki na walitaka moto. Walisikia kwamba kuna mpasua mbao, wakaja kumchukua baba mukubwa pamoja na shoka lake. Mkubwa wao alionyesha gogo la mama mukubwa. Lilikuwa karibu nao, hawakuwa na haja ya kutafuta zaidi.

Baba mukubwa alijaribu. "Hiyo imeoza, chef. Itatoa moshi tu."

"Katikati haijaoza. Pasua."

Mama mukubwa nami, tuliowafuata, tulisimama mbali, tumeshikana mikono. Pigo la kwanza la shoka lilipoingia, gogo lilifunguka kama mkate. Walitoka wote. Jongoo, siafu na mayai yao, wale wadudu weusi wenye pembe, panya mdogo mwenye pua ndefu ambaye sikuwahi kumwona miaka yote ile, na mdomoni kabeba mtoto wake. Alimpeleka chini ya majani, akarudi kuchukua mwingine, wakati shoka likiendelea. Kijana mmoja mwenye bunduki aliinama kutazama. "Yote hii ilikuwa ndani?" aliuliza. Baba mukubwa alisimamisha shoka hadi yule panya akamaliza safari zake. Mkubwa wao alimfokea, naye akajifanya anafuta jasho.

Gogo liliwaka siku tatu. Siku ya nne tulipata nafasi ya kukimbia, tukafika Goma kwa miguu. Tukakaa Mapendo watu tisa katika vyumba viwili, mpaka barabara ikatulia na mama mukubwa na mume wake wakarudi kwao.

Msimu wa mvua uliofuata mama mukubwa alikwenda mahali pale, akakuta majivu na magugu. Uyoga wa sahani haukutoka, wala ule wa sikio. Ilimlazimu kutembea nusu siku, hadi karibu na mpaka wa parke, hifadhi ya wanyama, na magoti yake hayakuwa tena ya safari hiyo.

Kisha dhoruba ikaangusha mti kwenye shamba la baba mukubwa mwenyewe. Mti mzuri, mbao za milango na vitanda. Nilipofika likizoni nilikuta amepasua nusu tu. Shina lililobaki lilikuwa limelala kati ya maharagwe, na majirani walimwuliza kila siku ataliondoa lini.

"Baba mukubwa, mbona umeliacha?"

Alimtazama mke wake aliyekuwa anachambua mboga za lenga-lenga mlangoni.

"Muulize mama yako mukubwa. Mimi najua kupasua tu."

"Usimudanganye mutoto," akasema mama mukubwa bila kuinua kichwa. "Kila asubuhi anaenda kuligeuza maganda. Ananiambia nani amehamia."

Mwaka wa kwanza walihamia siafu peke yao. Mwaka wa pili kigogota alitoboa tundu upande wa juu. Mwaka wa tatu, dereva wa pikipiki alisimama mbele ya mlango wetu Mapendo, akampa mama furushi la majani ya mgomba kutoka kijijini. Mama alilifungua juu ya meza, akanusa, akaita watu wote waje kuona kwanza kabla hajauweka ule uyoga wa sahani kwenye sufuria.