Prufu ya Saba

Kwenye kampuni ile ya vitabu walimwita Mama Nukta, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na sita alikaa chumba cha nyuma, jirani na stoo ya karatasi, kalamu nyekundu mkononi, akisoma prufu, zile kurasa za majaribio ambazo mwandishi na msahihishaji huzipitia kabla kitabu hakijaenda mtamboni. Jicho lake lilikuwa la mwewe na ulimi wake upupu. Vijana wa ofisini walimtania kwamba hata barua za uchumba alizirudisha kwa mumewe zikiwa zimesahihishwa. Mumewe, enzi za uhai wake, alikiri kwamba moja ilirudi kweli.

Kanuni ya nyumba ile ilikuwa prufu tatu, basi. Ya tatu mwandishi akiridhika nayo, huandika "Chapa" juu ya ukurasa wa kwanza na kutia sahihi, na tangu hapo hata koma haiguswi.

Mzee mwenye kampuni alipofariki, mwanawe alirithi kiti. Si mtu mbaya, tusimwonee. Aliingia stoo, akakuta riwaya zimepangwa mpaka darini bila mnunuzi, huku vitabu vya mitihani vikigombaniwa. Akakata shauri kwamba riwaya mwisho, anayetaka hadithi akazisome kwenye simu. Miongoni mwa zilizofutwa ilikuwemo ya mwalimu mmoja mstaafu, aliyeiandika kwa miaka kumi na moja, habari za karani wa stesheni iliyofungwa ambaye alikataa kuondoka.

"Barua hii mpelekee wewe," mkurugenzi alimwambia Mama Nukta. "Mnajuana. Mwambie taratibu."

Akaenda. Alimkuta Mwalimu kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, amekonda hadi saa imepanda kwenye kiwiko. Binti yake, aliyerudi nyumbani kumuuguza, alishamnong'oneza mgeni mlangoni kwamba daktari ametaja miezi, hakutaja miaka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeniletea prufu ya tatu?"

Ulimi hauna mfupa. "Naileta kesho," alisema Mama Nukta, na ile barua ikabaki mkobani.

Kesho yake, wenzake walipotoka kwenda kula, alichapa kurasa zote kwa printa ya ofisi, akampelekea. Mwalimu alizisoma kwa wiki moja, akarekebisha hapa na pale, akauliza kitabu kinatoka lini. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu mama iliishia pale pale sebuleni. Alisema kompyuta mpya zimevuruga kurasa, itabidi kuwe na prufu ya nne. Mwalimu, ambaye kanuni ya prufu tatu aliijua vizuri, alicheka tu, akasema vijana wa siku hizi hawana adabu na karatasi.

Ya nne ilirudi karibu safi. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hajawahi kulifanya, wala hakuwahi kufikiri kwamba mkono wake unaliweza. Alikaa mbele ya kompyuta akapanda makosa tisa katika prufu ya tano. Mke wa karani, aliyekufa sura ya tatu, alimfanya aulizie chumvi sura ya tano. Treni ya asubuhi ikafika jioni. Sentensi ya nne ya ukurasa wa kwanza aliirudia mara mbili, wazi kabisa, ili mgonjwa aanze na ushindi mwepesi. Aliona aibu kama mkulima anayepanda magugu, na aliendelea.

Mwalimu aliyakamata yote tisa. "Baba akishika hiyo kalamu, anakula," binti alimwambia, na kwa Mama Nukta hilo lilitosha kumfunga. Alijua anampaka mzee wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alijua pia kwamba hana kingine cha kumpaka.

Prufu ya sita alipanda kumi na moja, yakarudi yamekamatwa manne. Akajiambia mzee amechoka tu. Prufu ya saba alipanda kumi na mawili, na ile sentensi ya ukurasa wa kwanza akairudia tena mara mbili, pale pale.

Wiki tatu kimya. Kisha binti akaileta bahasha mwenyewe ofisini. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na neno "Chapa", limeandikwa kwa mwandiko ulioteremka mpaka nje ya pambizo, na sahihi chini yake. Mama Nukta alifunua kurasa zote. Hapakuwa na alama hata moja.

"Haoni," binti alisema. "Tangu mwezi jana. Alikuwa akipapasa karatasi na kunieleza kilichoandikwa, maana anakijua kwa moyo. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua, utaacha kumletea."

Mama Nukta aliapa kwamba Jumamosi ataenda kusema ukweli wote, na ile barua amsomee kwa mdomo wake. Mwalimu alifariki Alhamisi. Mama Nukta alilia stoo, kati ya mabunda ya karatasi, kwa huzuni na kwa hasira juu ya nafsi yake.

Mwezi mmoja baadaye binti alimwita nyumbani. Ndugu walikuwa wamejaa sebuleni, na mezani palikuwa na vitabu hamsini, majalada mapya, picha ya stesheni mbele.

"Nilitoa kopi kabla sijawaletea ile bahasha," binti alisema. "Halafu mapokezi wakaniambia riwaya hamchapi tena. Nikasema, mama wa watu kahangaika vya kutosha na mabosi wake. Siku hizi ukiwa na kurasa, duka la kopi linakufungia kitabu kwa siku mbili. Sikugusa kitu. Baba mwenyewe ndiye aliyesema chapa."

Kisha akawageukia ndugu. "Huyu ndiye aliyekisoma mara saba. Atusomee mwanzo."

Kila mtu alichukua nakala. Mama Nukta alisimama, akafungua ukurasa wa kwanza. Alisoma sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na sauti yake ikapita juu ya ile iliyorudiwa, moja kwa moja hadi inayofuata.

Mdogo wake Mwalimu, mzee mwenye miwani minene aliyekuwa akifuata kwa kidole, aliinua mkono.

"Samahani, dada. Hapo umeruka."

Watu wote walikuwa wameinamia vitabu vyao, wakimngoja. Mama Nukta alirudi nyuma, akaisoma sentensi ile mara ya pili, kama ilivyochapwa.